Upokezi wa Filamu ya Alexander (2004): Maoni ya Watazamaji na Mipaka ya Uhakiki

Utangulizi

Mtu atokapo kutazama filamu husema kuwa imempendeza au haikumpendeza. Kauli kama hiyo ni maoni tu. Uhakiki huanza pale msemaji anapotoa sababu, na sababu hizo zikapimwa kwa ushahidi uliomo katika kazi yenyewe. Makala hii inachunguza maoni ya watazamaji kuhusu Alexander, filamu ya Oliver Stone iliyoanza kuonyeshwa Marekani mnamo Novemba 2004. Inanuia kubainisha ni lawama zipi zinazosimama, na ni zipi zinazomsawiri mtazamaji kuliko filamu.

Filamu hiyo inahusu Alexander wa Makedonia, aliyerithi ufalme mwaka wa 336 K.K. akiwa na umri wa miaka 20, akaishinda milki ya Uajemi, akafika India na kufariki Babeli mwaka wa 323 K.K. Utengenezaji wake uligharimu takriban dola milioni 155. Marekani iliingiza takriban dola milioni 34 tu, ilhali nje ya nchi hiyo iliingiza zaidi ya milioni 130. Ni dhahiri kwamba kazi moja ilipokewa kwa namna mbalimbali.

Upeo wa matarajio

Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, alishikilia kwamba msomaji huijia kazi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi nyingine za utanzu huo. Watazamaji wengi wa Alexander walikuwa wamekwisha kuona Gladiator (2000) na Troy (2004). Walitarajia shujaa imara, adui bayana na vita vinavyokata shauri. Baadhi ya watu walihukumu hata kabla ya kuona. Kundi la mawakili wa Ugiriki lilitishia kushtaki kwa sababu ya jinsi filamu ilivyodaiwa kuusawiri uhusiano wa Alexander na rafikiye Hephaistion. Lilipoitazama, likaacha azma hiyo.

Shujaa anayelia

Lawama iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba Alexander wa Stone ni mnyonge: analia, anasitasita na kuandamwa na kivuli cha mamaye, Olympias. Kwa mwanafunzi wa tendi, lawama hii haina uzito mkubwa. Fumo Liyongo, pamoja na nguvu zake zote, aliokolewa kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate ulioandaliwa na mamaye, na akauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Udhaifu wa jagina haumwondolei ujagina; aghalabu ndio unaoisukuma hadithi mbele.

Lafudhi

Watazamaji wengine walishangaa kuwasikia Wamakedonia wakizungumza Kiingereza kwa lafudhi za Ireland na Scotland. Hata hivyo, hakuna lafudhi ya Kiingereza iliyo sahihi kwa Mmakedonia wa kale. Wagiriki wa kusini waliwadharau Wamakedonia kama watu wa pembezoni, na uteuzi wa lafudhi zisizo za London unaweza kutetewa kama ishara ya tofauti hiyo. Olympias naye, aliyetoka Epirus, ana lafudhi ya kigeni inayomtenga na jamii ya mumewe. Wanaisimujamii watatambua mbinu hii upesi. Lawama yenye mashiko zaidi ni ya umri: Angelina Jolie, anayeigiza mama, amemzidi Colin Farrell, anayeigiza mwana, kwa takriban mwaka mmoja tu.

Ukweli wa kihistoria

Ingawa mwanahistoria Robin Lane Fox wa Oxford alikuwa mshauri wa filamu hii, matukio kadhaa yamehamishwa. Cleitus alimwokoa Alexander katika vita vya Granicus mwaka wa 334 K.K.; filamu inaliweka tukio hilo Gaugamela, vita vya mwaka wa 331 K.K. Alexander alimuua Cleitus huko Samarkand mwaka wa 328 K.K.; filamu inayahamishia mauaji hayo India. Wanaolalamika, basi, wana haki.

Hata hivyo, filamu yenyewe inaliibua suala la nani anayeiandika historia. Arrian, mmoja wa waandishi tunaowategemea zaidi kuhusu Alexander, aliishi katika karne ya 2 B.K., na aliitegemea kazi ya Ptolemy ambayo sasa imepotea. Stone anamfanya Ptolemy huyohuyo kuwa msimulizi. Akiwa mzee huko Iskandaria, Ptolemy anakiri kwamba maswahiba walichangia kifo cha mfalme wao, kisha anamwamuru mwandishi wake ayatupe maneno hayo na kuandika kwamba aliuawa na homa. Mtazamaji anaonywa asimwamini msimulizi kwa kila jambo.

Msuko

Lawama iliyo nzito kuliko zote ni ya msuko. Baada ya ugomvi kati ya Alexander na babaye, Philip, katika karamu ya harusi, filamu inarukia Gaugamela, na pengo linazibwa na maelezo ya Ptolemy. Mauaji ya Philip yanaletwa kwa mbinu rejeshi baada ya kuuawa kwa Cleitus. Lengo linaeleweka: vifo hivyo viwili viangaziane. Lakini swali la iwapo Olympias alihusika katika kifo cha mumewe, swali linaloitesa nafsi ya Alexander, linacheleweshwa mpaka mtazamaji amechoka. Stone mwenyewe aliihariri upya kazi hii na kuitoa tena mwaka wa 2005, 2007 na 2014. Toleo la 2007 liliupanga upya mfuatano wa matukio, nalo lina urefu wa zaidi ya saa tatu na nusu.

Hitimisho

Imebainika kwamba lawama dhidi ya Alexander hazilingani kwa uzito. Ile ya shujaa anayelia inatokana na matarajio ya mtazamaji. Ya lafudhi inapungua nguvu uteuzi wake unapofafanuliwa. Ya historia ni sahihi, ila inapaswa kuzingatia msimulizi. Ya msuko inathibitishwa na kazi yenyewe. Mwanafunzi anayehakiki filamu, tamthilia au riwaya hana budi kujiuliza kwanza alitarajia nini, kisha kazi ilikusudia nini, na mwisho iwapo mbinu zilizotumika zilifikisha kusudi hilo. Akiruka swali la kwanza, ataihukumu kazi kwa kosa la kutokuwa kazi nyingine.