Mwalimu na Mtoto Aliyeiba

Somo: Mwanzo 44:1–13, Yoshua 7:16–21, Luka 19:1–10.



Amri ya saba twaifundisha kila mwaka kwa watoto wa kipaimara, nao huisema kwa moyo pasipo kukosa neno. Lakini kuisema ni kazi moja, na kuishika ni kazi nyingine. Mwalimu huijua tofauti hiyo siku ile anapofungua kabati na kuona ya kuwa kitu alichokiweka hakipo. Siku hiyo watu wawili hujaribiwa: mtoto aliyeiba, na mwalimu mwenyewe. Mambo ya mtoto twayanena mara nyingi. Leo yatupasa kumtazama mwalimu pia.

Kabla hatujaitwa katika kazi ya uchungaji tulifundisha katika shule moja ya kijijini. Mwaka mmoja, baada ya sikukuu ya mavuno, sadaka ya watoto ilitiwa katika mkebe na kuwekwa kabatini. Jumatatu asubuhi mkebe ulikuwa mtupu. Mtoto mmoja, mwana wa mama mjane, alionekana ana sarafu mfukoni. Hatukuuliza sana. Tulimsimamisha mbele ya wenzake, tukamwita mwizi, tukampiga. Alisema mara moja tu ya kuwa fedha ile ni ya mayai ya mama yake, naye ametumwa kununua chumvi na mafuta ya taa. Nasi tukamjibu ya kuwa kila mwizi ana hadithi yake. Kesho yake hakuja shuleni, wala siku zilizofuata.

Majuma matatu yalipopita, jioni moja alikuja mtoto mwingine mlangoni petu, mwana wa mzee wa kanisa. Alisema ya kuwa ndiye aliyelifungua kabati kwa msumari, na fedha alinunua maandazi akawagawia wenzake, kwa sababu walikuwa hawamchezeshi. Akasema tena ya kuwa hawezi kukitazama kiti kile kilicho kitupu darasani.

Basi tulikwenda kwa yule mama mjane. Alitupa kigoda, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwalimu, maneno yako nimeyapokea. Lakini lile jina ulimpa mbele ya watu, na hapa tuko wawili tu.” Hatukuwa na neno la kumjibu. Siku ya pili tulisimama mbele ya watoto wale wale, tukasema wazi ya kuwa mwalimu amemshuhudia mwenzao uongo na kuivunja amri ya nane. Mtoto alirudi shuleni. Lakini ilichukua muda mrefu kabla hajainua tena mkono wake kujibu swali.

Tangu siku zile tumeyafikiri mambo haya mara nyingi, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, kitu kuonekana kwa mtu si ushuhuda wa kutosha. Kikombe cha fedha kilionekana katika gunia la Benyamini, na ndugu zake wakararua nguo zao; lakini Benyamini hakuiba, kikombe kilitiwa na mkono wa mwingine kwa amri ya Yusufu. Mwalimu akikisoma kisa hiki vema, atauliza kabla ya kuhukumu. Atamwita mtoto kando, atasikiliza, na neno la mtoto atakwenda kulihakikisha kwa wazazi. Mwendo wa nusu saa mpaka kwa yule mama ungalituokoa katika dhambi. Wala tusisahau ya kuwa twamshuku upesi mtoto wa maskini, na mtoto wa mkubwa twampita.

Pili, tusitafute mwizi kwa njia za giza. Wako walimu ambao, wakishindwa kumjua mwizi, huwatisha watoto kwa mganga, au kwa kiapo, au kwa kupiga ramli. Mtu atasema, “Hata Yoshua alipiga kura, na Akani akatwaliwa.” Ndiyo, lakini Yoshua aliamriwa na Mungu katika jambo lile, sisi hatukupewa amri hiyo. Mtoto atakayekiri kwa kuogopa mganga amefundishwa kumwogopa mganga kuliko Mungu. Wala si haki kuwapiga darasa zima kwa kosa la mmoja: wasio na hatia hujifunza kuchukia, na mwenye hatia hujifunza kujificha.

Tatu, mwangalieni Yoshua alivyosema na Akani. Alijua ya kuwa ndiye mwenye kosa, tena kosa lililoleta mauti katika Israeli. Hata hivyo alimwita mwanangu, ndipo akamtaka aungame. Hukumu iliyofuata ilikuwa nzito, kwa kadiri ya sheria ya siku zile, nasi hatumfuati katika hiyo. Lakini neno lile moja lafaa kuandikwa katika moyo wa kila mwalimu. Mtoto huufungua moyo wake kwa baba. Mbele ya adui huufunga.

Nne, habari ya fimbo. Martin Luther, aliyezaliwa Eisleben mwaka 1483, alisimulia alipokuwa mtu mzima jinsi mama yake alivyompiga hata damu ikatoka kwa ajili ya kokwa moja tu. Na katika shule ya Mansfeld alipigwa mara 15 asubuhi moja, kwa somo ambalo hakuwa amefundishwa. Hakuwadharau wazazi wake, alijua ya kuwa walimtakia mema; lakini alisema ya kuwa fimbo na iwe na tunda kando yake. Mwaka 1524 aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani waanzishe shule, naye alifurahi ya kuwa shule hazikuwa tena mahali pa mateso kama zile za utoto wake. Serikali nazo zimeweka mipaka. Katika Kenya viboko vilikatazwa mashuleni mwaka 2001. Katika Tanzania kanuni za mwaka 1979 ziliweka viboko katika mamlaka ya mkuu wa shule, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwalimu apigaye kwa hasira yake mwenyewe hukosa mbele ya Mungu na mbele ya serikali pia.

Tano, toba ina matunda yake. Torati iliamuru mwizi alipe: ng'ombe watano kwa mmoja aliyemchinja au kumwuza, na kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo hakuambiwa na Bwana Yesu alipe kitu, lakini Bwana alipoingia nyumbani mwake, yeye mwenyewe alisema atarudisha mara nne. Yule mwana wa mzee wa kanisa alitaka kulipa. Baba yake alituletea fedha yote usiku, akatuomba jambo liishe kimya. Tulikataa, naye alitukasirikia kwa muda. Mtoto alikata kuni, akaziuza, akajaza mkebe kidogo kidogo mpaka mwisho wa muhula. Mtume Paulo awafundisha Waefeso (4:28) ya kuwa aliyeiba afanye kazi kwa mikono yake, apate na kitu cha kumpa mhitaji. Kama baba angalilipa, mtoto angalijifunza nini? Siku alipomaliza kulipa, aliongeza sarafu mbili zake mwenyewe. Tangu hapo hatukuruhusu mtu kulitaja kosa lake, maana lililosamehewa halifukuliwi.

Mwisho, turudi kwetu wenyewe. Katekismo Ndogo, iliyotolewa mwaka 1529, hufundisha ya kuwa amri ya saba haitoshi kwa kutokuchukua tu. Yatupasa pia kumsaidia jirani kuilinda na kuiongeza mali yake. Nayo Katekismo Kubwa huwahesabu kuwa wezi hata watumishi wasiofanya kazi yao kwa uaminifu. Basi mwalimu afikaye saa tatu katika kazi ya saa mbili ameiba nini, na kwa nani? Na mwalimu aachaye kabati bila kufuli, hali ajua udhaifu wa watoto, amemsaidiaje jirani? Watoto huyaona haya yote, ingawa hawasemi.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Je, katika usharika wetu yuko mtoto aliyepewa jina baya, naye hakuondolewa mbele ya watu?

2. Mzazi akitaka kulificha kosa la mwanawe, mwalimu na mzee wa kanisa wamjibuje kwa upole?

3. Mtoto mwenye njaa na mtoto mwenye upweke wote wawili huiba. Je, dawa yao ni moja?

4. Ni neno gani tuliloliungama sisi wakubwa mbele ya watoto mwaka huu?

Bwana aliyeingia katika nyumba ya Zakayo na aingie katika shule zetu, akaanze penye meza ya mwalimu.