Vioo Viwili vya Nyoka

Januari, kiangazi kinapokaza Matulo, si ajabu kukuta gamba la nyoka limenasa kwenye mawe ya mpakani mwa shamba la miwa. Wengi hulikwepa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huku kwetu Bungoma hofu hiyo ina mizizi mirefu: watoto wa Kibukusu hukua wakisimuliwa habari za Mango, aliyeliua joka lililokuwa likiwamaliza watu, kisha akatahiriwa, na tohara ya jamii ikaanzia kwake.

Lakini gamba haliumi. Nililiokota moja kwa kijiti, nikalitandaza mezani juu ya gazeti na kuanza kulichunguza kutoka kichwani. Lilikuwa limegeuka, la ndani likawa nje, kama soksi iliyovuliwa kwa kuvutwa kutoka juu. Palipokuwa na macho nilitarajia kukuta matundu mawili. Hapakuwa na matundu. Palikuwa na vioo viwili vya mviringo, vidogo kama punje za mtama, vimebinuka kidogo. Nilisogeza kimoja juu ya herufi ya gazeti, nikaisoma herufi ile kupitia humo.

Kumbe nyoka akijivua gamba, huvua pamoja na ngozi iliyofunika macho. Shika jambo hilo moja, na mengine yote utayafikia mwenyewe: kwa nini jicho la nyoka hugeuka rangi ya maziwa, kwa nini mfugaji mwenye huruma anaweza kumpofusha nyoka wake kwa kibano, na kwa nini dawa ya matone haimfai.

Somo hili lina wanaolihitaji. Nchini Kenya huwezi kumwokota chatu kando ya mto Nzoia ukamfanya wa nyumbani, kwani chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Hata hivyo nyoka wanatunzwa. Bustani ya nyoka ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1961. Kule Watamu, shamba la Bio-Ken lilianzishwa mwaka 1980 na James Ashe na mkewe Sanda. Na ukipanda gari Webuye ukafuata barabara ya kaskazini, utafika Kitale, kwenye jumba la makumbusho lililotokana na mkusanyo ambao Hugh Stoneham aliuanzisha mwaka 1926. Humo pia mna nyoka, na wanafunzi wa shule zetu hupelekwa kuwaona. Mtoto akimwona nyoka mwenye macho meupe, neno la kwanza litakalomtoka ni "kipofu". Mkubwa aliye kando yake atasema, "Ana mtoto wa jicho." Mara nyingi wote wawili wamekosea, na inafaa tujue wamekosea wapi.

Jicho lisilofumba

Tuanze na jicho lako. Sehemu yake ya mbele ni konea, utando mwangavu unaopitisha nuru. Konea ni chembe hai, na chembe hai zikikauka hufa. Ndiyo maana una kope. Kila unapopepesa, kope hupangusa vumbi na kutandaza machozi upya. Jaribu kukaa bila kupepesa huku ukihesabu polepole hadi thelathini, utaona jicho linavyowasha likidai maji yake.

Sasa mfikirie mnyama anayetambaa kifudifudi, kichwa kikiwa karibu kabisa na mchanga, miiba na makapi ya miwa. Jicho kama lako lingekwaruzwa kutwa. Suluhisho la nyoka ni hili: angali ndani ya yai, au tumboni mwa mama kwa wale wanaozaliwa hai, ngozi inayolizunguka jicho huungana mbele yake na kuwa ukuta mmoja mwangavu. Huo ndio ule mduara niliouona juu ya gazeti. Katika makala haya tutauita kioo.

Si nyoka peke yake mwenye kioo. Mtazame mjusi mdogo wa ukutani anayewinda nondo karibu na taa. Naye hana kope za kufumba, na ukivumilia utamwona akitoa ulimi na kulilamba jicho lake mwenyewe ili kusafisha kioo.

Nyuma ya kioo kuna uwazi mwembamba wenye majimaji, na nyuma ya majimaji ndipo ilipo konea yenyewe. Kwa hiyo jicho la nyoka hugeuka kwa uhuru nyuma ya kioo kisichosogea, kama mtu aliye dirishani. Na dirisha hilo ni ngozi hai kwelikweli. Mwaka 2013 Kevin van Doorn na Jacob Sivak, watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, walieleza kwamba kioo kina mishipa midogo ya damu, na kwamba nyoka akiona kitisho mbele yake mishipa hiyo hujibana ili isizuie nuru. Tusisahau damu hiyo. Tutairudia tukifika kwenye kibano.

Maziwa machoni

Ngozi yetu wanadamu huchakaa kidogo kidogo, ikadondoka kama vumbi tusiloliona. Ya nyoka hubadilishwa yote kwa wakati mmoja. Chini ya ngozi kuukuu mwili hufuma ngozi mpya kamili, kisha huingiza majimaji kati ya hizo mbili ili ziachane. Kwa kuwa kioo nacho ni ngozi, majimaji hayo hupita hata mbele ya jicho.

Chukua vipande viwili vya nailoni angavu uvipachike pamoja. Utaona ng'ambo. Sasa tia tone la maziwa katikati yake. Nailoni zote mbili ni zima, lakini ukungu umeingia. Hicho ndicho kilichompata nyoka wetu. Macho yote mawili hugeuka ya samawati-maziwa, rangi ya mwili hufifia, naye hujificha, hukataa chakula na huwa mkali kwa sababu haoni vizuri. Siku chache baadaye majimaji hufyonzwa na macho hung'aa tena. Siku chache nyingine zikipita, husugua pua kwenye jiwe au gogo, gamba likachanika mdomoni, naye akatambaa akiliacha nyuma. Kwa kawaida safari yote huchukua wiki moja hadi mbili.

Mtoto wa jicho ni jambo jingine kabisa. Huo ni ukungu wa lenzi, iliyo ndani ya jicho nyuma ya mboni, na hauondoki kwa kujivua gamba. Basi ukiona ukungu, jiulize maswali mawili. Je, uko kwenye macho yote mawili kwa pamoja? Je, umefunika jicho zima, au uko ndani ya mboni tu? Ukungu wa macho yote mawili, uliotanda usoni mwa jicho, kwa nyoka ambaye rangi yake pia imefifia, hauhitaji daktari. Unahitaji utulivu. Usimshike, usimlishe, mwachie maji.

Kioo kinapokwama

Shida huanza gamba linapotoka vipandevipande na kioo cha zamani kikabaki juu ya kipya. Jicho huonekana la kijivu cha fedha, limekunjamana au limebonyea, na hali hiyo hubaki baada ya mwili wote kuwa safi. Likiwa jicho moja tu, shaka yako iongezeke.

Kwa nini kioo hukwama? Rudi kwenye yale majimaji. Ndiyo yanayoachanisha ngozi mbili, na mwili huyatoa kwenye akiba yake ya maji. Nyoka mwenye kiu, au aliyewekwa kwenye sanduku kavu lenye taa kali juu yake, hana maji ya kutosha kwa kazi hiyo. Gamba humkaukia mwilini kabla ya kuachia. Sababu nyingine ni utitiri wa nyoka, wadudu wadogo weusi wanaojibanza pembezoni mwa kioo na kufyonza damu, pamoja na makovu ya zamani, au banda lisilo na hata jiwe moja la kusugulia pua.

Hapa ndipo mtu mwenye huruma hukosea. Anaona kiganda kimenata, anatafuta kibano au anakwangua kwa kucha. Mama yeyote aliyepika ugali anajua kosa hilo. Ukoko ukikaukia kwenye sufuria, ukiukwangua vile vile mkavu unaichubua sufuria. Ukimimina maji ukauacha usiku kucha, asubuhi unabanduka wenyewe kama chapati. Na sufuria inastahimili mikwaruzo. Kioo kipya cha nyoka ni chembamba, bado ni laini, na kimejaa mishipa ya damu. Kikichanika pamoja na kile cha zamani, konea hubaki wazi kwa mnyama asiye na kope za kuifunika. Hukauka, hupata vidonda, vijidudu huingia, na jicho linaweza kupotea kabisa kwa sababu ya kiganda ambacho kingesubiri bila madhara.

Basi fanya kama mpishi. Lainisha. Mweke nyoka kwenye chombo chenye matundu ya hewa, ndani mkiwa na taulo iliyoloweshwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, kwa muda wa nusu saa hivi, huku ukimwangalia. Maji yasiwe ya moto, wala yasimfikie kichwani. Atambae kati ya mikunjo ya taulo, na mara nyingi msuguano huo mpole huvua kilichobaki. Rudia kesho na keshokutwa. Mtilie bandani sanduku lenye kuvumwani au nguo yenye unyevu. Hakikisha ana maji safi ya kunywa na joto linalofaa jamii yake. Kioo kisipotoka, mwache hadi atakapojivua gamba tena, na safari hii unyevu uwe tayari kabla macho hayajaingia ukungu. Kikikwama mara ya pili, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua nyoka. Kama ni utitiri, utibu utitiri na usafishe banda zima, kwani ukimwosha nyoka na kuyaacha mayai yao kwenye nyufa za mbao, watarudi.

Jicho linapovimba

Kuna hali ambazo hazisubiri. Yale majimaji yaliyo kati ya kioo na konea hutoka kwenye tezi iliyo nyuma ya jicho, kisha hushuka kwa kijifereji hadi kinywani. Kijifereji kikiziba, majimaji hayana pa kwenda. Kioo hufura kama puto na jicho huonekana kubwa kuliko mwenzake, ingawa lenyewe halijakua.

Tena, njia inayotoa maji ni njia ya kuingilia pia. Nyoka mwenye vidonda kinywani anaweza kupandisha vijidudu kupitia kijifereji hicho hadi nyuma ya kioo, na usaha ukajaa humo, mweupe au wa manjano. Usaha wa reptilia ni mzito kama jibini, hautiririki.

Mfugaji hukimbilia dawa ya matone. Lakini fikiri kwanza: tone litatua wapi? Litatua juu ya kioo, yaani juu ya ngozi, huku ugonjwa ukiwa upande wa pili. Ni kama kumwagia maji kioo cha dirisha ukitumaini kuzima moto ulio chumbani. Daktari hufungua kijidirisha kidogo upande wa chini wa kioo, akasafisha usaha, akatia dawa ndani, na hukagua kinywa kwa sababu huenda ugonjwa ulianzia humo. Kazi hiyo hufanywa kwa nusukaputi, si kwa wembe wa nyumbani. Baadaye nyoka hutunziwa joto lake, maana damu yake hufuata joto la mazingira, na kinga ya mwili wake hudhoofika akikaa kwenye baridi.

Kwa hiyo, ukiacha ajali na magonjwa machache, shida ya jicho la nyoka haianzii jichoni. Huanzia kwenye bakuli la maji, kwenye hewa ya banda, kwenye joto, kinywani. Jicho ni mahali tu ambapo ngozi huwa angavu kiasi cha kutuonyesha hali ya mwili mzima.

Ndiyo sababu kila mtunza nyoka anapaswa kuwa na desturi moja nyepesi. Nyoka akijivua gamba, lichukue kabla halijakauka, likunjue upande wa kichwa, uhesabu vioo. Viwili vikitimia, shukuru. Kikipungua kimoja, unajua jicho la kuangalia na taulo ya kulowesha. Kisha nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa reptilia hubeba vijidudu vinavyoharisha watu.

Katika gamba langu la Matulo nilihesabu vioo, vikatimia viwili, vizima pembezoni bila mpasuko. Nyoka mwenyewe sikumwona, wala sijui alikuwa wa jamii gani. Lakini Januari ile, miwa ikikauka na mito midogo ikipungua, yeye alikuwa amepata mahali pa kunywa maji.