MAJI YA AKWARIOMU YASIHARIBU CHUMBA

Maji ya akwariomu katika chumba cha biolojia tunayabadilisha sisi wa kalasi ya sita, kila siku ya posho. Posho moja tuliacha tiyo ndani, tukaenda kucheza mpira. Kurudi, ndoo imejaa, maji yamefika mpaka chini ya kabati. Vitabu saba vililoa! Kosa ni letu.

Sasa tumefanya hesabu. Akwariomu ina urefu wa sentimetri 80 na upana wa 40. Maji yakishuka sentimetri 1, zimetoka litri 3,2. Ndoo ni ya litri 20. Basi, mdomo wa tiyo uzame sentimetri 6 tu. Litri 19,2 zikiisha kutoka, hewa inaingia ndani ya tiyo na maji yanasimama yenyewe, hata kama mwenye zamu amesahau. (Lakini asisahau!)

Waya ya kurani ni hatari kupita vitabu, sababu matone yanaifuata mpaka kwenye prizi. Ishuke kwanza chini ya prizi, halafu ipande. Matone yataanguka pale inapojipinda.

Juu tumefunika na kioo, kwani mvuke ndio unaotia ukuta ukungu. Meza nayo tumeiachanisha na ukuta kiasi cha kiganja, hewa ipite. Nyufa za chini tumeziziba na simenti. Haijakauka bado, msikanyage pale.