Vidokezo: Programu Ambayo Babu Ataitumia Bila Kumwita Mjukuu

Unatengeneza programu za simu za kupangusa? Kati ya watakaozitumia yumo babu aliyeachana na kitochi juzi tu. Akikwama, usikimbilie kusema hajui simu. Rudi ukaangalie ulichotengeneza.

1. Vitufe viwe vikubwa, tena viachane. Mwongozo wa Google kwa simu za Android unataka kitufe kisipungue dp 48, yaani kama milimita 9 kila upande. Kwa kidole kinachotetemeka, hicho ni kima cha chini. Na jamani, “Tuma” na “Futa” visikae bega kwa bega!

2. Kidole kikavu hakisikiki vizuri. Kioo cha simu hutambua mguso kwa sababu mwili hupitisha umeme. Ngozi ya uzeeni hukauka, na mkono ulioshika jembe miaka mingi una sugu, kwa hiyo mguso wa kwanza unaweza kupotea. Mzee atakandamiza kwa nguvu, kidole kitakawia, na simu itadhani ameshikilia makusudi. Hapo inafunguka menyu ambayo hakuiomba. Basi kila jambo la lazima liwezekane kwa mguso mmoja mwepesi, pasipo kushikilia wala kutelezesha kidole. Kitufe kikiguswa kibadilike rangi au simu itetemeke kidogo, ajue amesikika. Akigusa “Lipa” mara mbili haraka haraka, hesabu moja.

3. Achana na kijivu juu ya nyeupe. Kinapendeza ofisini, barazani saa sita mchana hakisomeki. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unadai maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Tena lenzi ya jicho huingia umanjano kadiri miaka inavyosonga, na buluu na kijani huanza kuchanganya. Usiitegemee rangi peke yake kutoa habari.

4. Kuza maandishi mpaka mwisho. Fanya hivyo kwenye simu yako mwenyewe. Je, “Endelea” bado inaonekana, au imesukumwa nje ya kioo?

5. Usimharakishe. Anatafuta miwani, kisha daftari lenye namba. Ukimtolea “Muda umekwisha” na kumrudisha mwanzo, umempoteza. Na akituma pesa, kabla ya kuweka namba ya siri, mwonyeshe jina la anayetumiwa, kwa herufi kubwa.

6. Alama iandamane na neno. Mistari mitatu pembeni haimwambii kitu, andika “Menyu”. Na andika “Tuma pesa”, siyo “Anzisha muamala”.

7. Wajaribu wenyewe wawe wazee. Mama yako pekee hatoshi, maana atakuonea huruma aseme ni nzuri. Waite wengine, wape kazi moja, kama kununua umeme, kisha nyamaza na usiiguse simu yao. Andika kila mahali kidole kinaposita. Na nauli yao uilipe wewe.