Somo kwa Walimu: Siku za Mkutano wa Chautauqua

Katika nchi ya Marekani, jimbo la New York, liko ziwa liitwalo Chautauqua. Majira ya joto huko ni miezi ya Juni, Julai na Agosti. Shule hufungwa, na watu wa mijini hutafuta kivuli na maji. Kando ya ziwa hilo, katika msitu wa Fair Point, Wamethodisti walikuwa na kambi ya mahubiri. Hapo ndipo ulipofunguliwa, tarehe 4 Agosti 1874, mkutano wa namna nyingine, wa majuma mawili. Haukuwa wa kuwaamsha wasioamini, bali wa kuwafundisha wafundishao.

Walioanzisha ni wawili. Lewis Miller alikuwa mtu wa Akron, Ohio, mwenye kiwanda cha mashine za kuvunia, naye alisimamia shule ya Jumapili ya usharika wake. John Heyl Vincent alikuwa mchungaji. Baadaye, mwaka 1888, alifanywa askofu. Vincent hakuipenda sana mikutano ya msituni, maana aliogopa joto la moyo lipoalo mara watu wakifika kwao. Miller ndiye aliyemvuta aje chini ya miti. Nadhani ni heri kwamba hofu ya mmoja ilikutana na shauku ya mwingine.

Basi, watu waliishije huko? Wengi walifika kwa meli ndogo za ziwani, wakashukia gatini, wakapanga hema au kibanda cha mbao. Asubuhi kengele iliita watu kwenye maombi. Kisha waligawanyika: waliofundisha watoto wadogo mahali pao, wasimamizi wa shule mahali pao, kila kundi likijifunza namna ya kuuliza swali, namna ya kutayarisha somo, namna ya kuwatawala watoto pasipo fimbo. Baada ya hayo palikuwa na mafundisho ya watu wote, kisha nafasi ya kupumzika na kuoga ziwani. Jioni waliimba sala ya machweo, na usiku wakasikiliza tena. Saa nne ya usiku kengele ililia, na kila mtu alipaswa kunyamaza. Ukuta wa turubai hauzuii neno. Mwenye kucheka alisikiwa na majirani wote.

Mwisho wa mkutano wa kwanza walimu walitahiniwa kwa maandiko. Hapa natusimame kidogo. Ni mara ngapi walimu wetu wameitwa semina, wakaimba vizuri, wakala, wakapewa daftari, wakarudi nyumbani wala hakuna aliyewauliza wamejifunza nini? Mtu hapewi darasa la hesabu kabla ya kupimwa. Lakini kumpa mtu watoto arobaini awaeleze habari za Ibrahimu, mara nyingi twatosheka kuona kwamba yupo na ana moyo. Moyo ni wa lazima. Ila mtoto akiuliza Samaria iko wapi, moyo peke yake haumjibu.

Siku ya Jumapili lango lilifungwa, wala meli hazikuruhusiwa kutia nanga. Jambo hili lilikuwa na gharama. Mkutano uliishi kwa ada ya langoni, na Jumapili ndiyo siku ambayo watu wa mijini wangekuja kwa maelfu. Hata hivyo waliikataa fedha hiyo. Mwezi wa Agosti 1875 Rais Ulysses Grant aliutembelea mkutano. Hakika wageni walikuwa wengi, lakini amri ya Jumapili ilibaki ile ile.

Desturi moja yao yapendeza kutajwa. Mwaka 1877 alisimama mbele yao mtu kiziwi, akawasimulia kwa ishara za mikono. Wangempigia makofi, asingesikia. Vincent akawaambia watoe leso zao nyeupe wazipunge, na mkutano wote ukawa mweupe. Tangu hapo kupunga leso kukawa heshima yao kuu.

Mwaka 1878 Vincent aliongeza chama cha wasomaji: mtu alisoma nyumbani vitabu vilivyochaguliwa, kwa miaka minne. Zaidi ya watu 8,000 walijiandikisha mwaka ule wa kwanza, wengi wao wasiopata nafasi ya chuo. Mkutano wenyewe ungaliko, nao huendelea majuma tisa kila kiangazi. Madhehebu mengi yana nyumba zao hapo, hata Walutheri. Lakini mambo ya muziki na ya elimu ya dunia yamekuwa mengi kuliko mafunzo ya walimu wa Jumapili.

Katika mambo yote ya mwanzo, lililo jepesi kuigwa ni Palestina yao. Ufuoni walijenga nchi takatifu kwa udongo na mawe, na ziwa likawa Bahari Kubwa. Walimu walitembea kutoka Dani hata Beer-sheba kwa hatua chache. Kwa kuwa ziwa liko upande wa mashariki, jua lao huchomoza baharini, na kaskazini yao ni kusini, watu walizoea.

Mwalimu wa kijijini aweza kufanya vivyo hivyo uani. Udongo wa kichuguu wafaa sana. Weka Hermoni juu kabisa, maana una urefu wa mita 2,800 na zaidi. Yerusalemu uwe kwenye mgongo wa vilima, karibu mita 750 juu ya bahari. Kisha chimba bonde la Yordani kwa nguvu, kwa sababu Yeriko uko mita 250 chini ya usawa wa bahari, na Bahari ya Chumvi chini zaidi, zaidi ya mita 400. Hapo watoto wataona kwa macho kwa nini mtu yule wa Luka 10 alikuwa akishuka: mita elfu moja kwa safari ya kilometa 25 hivi, katika magenge yenye maficho mengi ya wanyang'anyi. Watoto wa Kilimanjaro wanaokwenda Moshi kwa miguu hawatahitaji maelezo marefu.

Mvua ikiubomoa, usiutengeneze wewe. Waache watoto waujenge tena pasipo kitabu, nawe utatambua ni nani ajuaye Yordani unakotoka.