Nyangumi Hakimbizwi: Mwongozo wa Msimu kwa Manahodha, Watembeza Wageni na Abiria wa Kusini Unguja

Kijitabu hiki kisingeandikwa kama maneno ya mdomo yangetosha. Tumezungumza na manahodha ufukweni, tumekaa na kamati za wavuvi barazani, tumebandika matangazo, yakachanwa. Malalamiko yakaendelea kuja: ya wageni waliolipa kutazama nyangumi wakarudi na harufu ya petroli tu, ya wenye hoteli, na safari hii hata ya wavuvi, wanaosema boti za utalii zinapita juu ya jarife zao zikiwafukuza pomboo.

Wapo watakaosema ofisi yetu imekuja tena kuwanyima watu riziki. Soma kwanza, kisha ulalamike.

Wanakuja lini, na wanafuata nini

Nyangumi wanaoonekana zaidi katika maji yetu ni wale wenye nundu. Mkubwa wao hufika urefu wa mita 13 hadi 16, uzito wa tani 30 na kuendelea, na jike humzidi dume. Kuanzia Desemba hadi Machi huwa mbali, katika bahari ya baridi inayoizunguka Antaktika, wakila uduvi wadogo. Baridi ya huko ikianza kukaza hushika njia ya kaskazini, wakapita Msumbiji na Madagascar na pwani yetu mpaka Kenya, wakitafuta maji ya vuguvugu ya kupandana na kuzalia. Huku kwetu huanza kuonekana Julai, na wengi huwa wamekwenda zao Novemba. Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kutegemea. Wenzetu wa Watamu na Kilifi huwaona katika msimu huohuo. Wale wa pwani ya Oman ni jamaa wengine kabisa: hawahami, hukaa Bahari ya Uarabuni mwaka mzima, na inakadiriwa hawafiki 100.

Kuna jambo ambalo papasi hamwelezi mgeni, pengine kwa kuwa naye hajaelezwa. Nyangumi hawa hawaji kwetu kula. Jike anayenyonyesha hukaa miezi bila chakula cha maana, akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini huko kusini, na kwa mafuta hayohayo humtengenezea mtoto maziwa mazito. Mtoto huyo huzaliwa na urefu wa mita 4 hivi na uzito wa kukaribia tani moja, na inambidi awe na nguvu za kurudi Antaktika kwa kuogelea kabla mwaka haujaisha. Kila mbio mnazomkimbiza mama zinalipwa kutoka kwenye akiba ambayo hawezi kuijaza mpaka afike huko. Nahodha anarudi nyumbani jioni akala. Mama nyangumi hali.

Na kuwapo kwao leo si jambo la bahati. Walichomwa vyusa mpaka wakabaki wachache. Mwaka 1963 uwindaji wa nyangumi wenye nundu ulipigwa marufuku katika bahari zote za nusu ya kusini ya dunia, ingawa meli za Kisovieti ziliendelea kuwaua kwa siri miaka kadhaa baada ya hapo. Mwaka 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa eneo lisiloruhusiwa uwindaji wa nyangumi kibiashara. Ndipo idadi yao ikaanza kupanda tena. Waliosalimika na chusa wasije wakateswa na mashine za boti za hapa kwetu Kizimkazi.

Mita 100

Hapa ndipo penye kijitabu chote. Anayetaka kusoma ukurasa mmoja tu, asome huu.

Usimsogelee nyangumi karibu zaidi ya mita 100. Ni urefu wa uwanja wa mpira, goli hadi goli. Si boti mbili zikipangwa, wala si "hapo karibu". Mita 100.

Ukiona mvuke wa pumzi yake ukiruka juu ya maji, bado una nafasi ya kufanya jambo hili vizuri. Ukifika kama mita 300, punguza mwendo mpaka boti isiache wimbi nyuma yake. Mwendee kwa ubavu, ukielekea upande anaoelekea yeye, na mwendo wako usizidi wa yule aendaye polepole kuliko wote katika kundi. Usimtokee kwa mbele. Usimfuate kwa mkiani. Ukifika mita 100, weka gia huru ili propela isizunguke, lakini usiizime mashine. Mwache asikie ulipo. Akija mwenyewe karibu, kaa hapohapo ulipo, usikurupuke, usiongeze kasi, waambie abiria waketi. Boti zilizo karibu naye zisizidi mbili, zilizobaki zingoje nje. Nusu saa ikiisha, ondoka taratibu kwa nyuma, umwachie mwenzio au, bora zaidi, umwachie nyangumi bahari yake.

Tunachokiogopa hasa ni kumkata njia. Nahodha anamwona nyangumi amezama, anahesabu kichwani atakapoibukia, anaikaza mashine na kuwahi kumngoja pale. Manahodha wetu ni hodari wa hesabu hiyo, wamezaliwa juu ya maji haya, na uhodari huohuo ndio unaotupa wasiwasi. Anayekatwa njia huzama tena kabla hajavuta pumzi ya kutosha, hugeuka, hukutana na boti ya pili ambayo nahodha wake amepigiwa simu. Tumeambiwa mpango huo una jina lake miongoni mwa mabaharia. Hatutaliandika hapa lisije likapata umaarufu. Tunarudia: usimkate njia, usimbane baina ya boti mbili, usimbane baina ya boti na mwamba.

Aliye na mtoto ni jambo jingine. Kwake masafa ni mita 300, na kwa kusema kweli ofisi hii ingependa asisogelewe kabisa. Mtoto hawezi kukaa chini muda mrefu, huibuka kila baada ya dakika chache. Mama hukaa chini zaidi. Kwa hiyo ukiona mgongo mdogo peke yake usishangilie na kuwaita wenzako. Mama yuko hapo chini, na huenda yuko chini ya boti yako. Mtu anayepita katikati ya mama na mtoto amejiweka mbele ya tani 30 zenye hasira, ndani ya boti ya faiba.

Wenye kudhani haya ni ya kutishia watoto wakumbuke yaliyotokea New Zealand, karibu na Kaikōura, Septemba 2022. Boti yenye watu 11 waliokwenda kupiga picha za ndege ilipinduka bahari ikiwa shwari, na 5 wakafa. Wachunguzi walifikia uamuzi kwamba inaelekea sana iligongwa na nyangumi aliyekuwa akiibuka. Hao hawakuwa wanamkimbiza yeyote. Sasa fikiria wanaokimbiza.

Na kuruka majini kuogelea na nyangumi? Hapana. Mgeni akiongeza dola? Hapana.

Jaketi okozi, na bahari ya kusi

Nyangumi huja wakati wa kusi. Hili mkaazi wa pwani halihitaji kuelezwa, lakini mgeni aliyeona picha za maji ya kijani yaliyotulia halijui, na mara nyingi hakuna anayetaka kumwambia. Kizimkazi imeelekea bahari kuu. Asubuhi panaweza kuwa shwari, ikifika saa nne au saa tano upepo unapanda na mawimbi yanakuja na ncha nyeupe. Toka mapema, rudi mapema. Siku iliyotangazwa upepo mkali usitoke, hata kama fedha imekwishapokelewa. Mrudishie mgeni fedha yake.

Nchi hii imezika watu wake katika miezi hii hii. MV Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita kiasi. MV Skagit ilipinduka tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe, upepo ukiwa mkali. Hazikuwa boti za watalii, lakini bahari ni moja.

Kila abiria avae jaketi okozi kabla boti haijasukumwa majini, limefungwa vifungo vyote, na watoto wavae ya ukubwa wao. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu. Jaketi lililofungiwa kwenye sanduku la mbele chini ya ndizi na maji ya chupa halimwokoi mtu. Tumekuta boti yenye majaketi mapya kabisa, bado ndani ya nailoni zake, nahodha akieleza kwamba hataki yachafuke. Yachafuke.

Nyangumi akiibuka, abiria wote hukimbilia upande mmoja na simu mkononi. Mwaka 2015 huko Tofino, Kanada, watu 6 kati ya 27 walikufa boti ya kutazama nyangumi ilipopigwa na wimbi na kupinduka, abiria wengi wakiwa wamejazana juu na upande mmoja. Nahodha atangaze kabla ya safari, kwa lugha ambayo wageni wanaielewa: kila mtu atatazama akiwa ameketi mahali pake, boti itageuzwa ili pande zote mbili zione. Asiyetii arudishwe ufukweni.

Pomboo

Pomboo wako Kizimkazi mwaka mzima, na kwa kuwa wamezoeleka wameonewa zaidi. Kabla ya utalii kuanza miaka ya 1990 waliuawa wakafanywa chambo cha papa. Leo kijiji kinaishi kwa kuwaonesha wakiwa hai, na Eneo la Hifadhi la Ghuba ya Menai lilitangazwa mwaka 1997. Hayo ni mafanikio, na hatuoni haya kusema kwamba ofisi za umma zimeyatolea jasho pamoja na wanavijiji, ingawa si kila mtu anakumbuka kushukuru.

Lakini utafiti uliofanyika Kizimkazi kwenyewe umeonesha kwamba boti zikiwazunguka, pomboo hupunguza muda wa kula na wa kupumzika, wakabaki wanasafiri tu. Mtindo wa kulipita kundi zima kwa kasi, kusimama mbele yao na kuwapigia wageni kelele "ruka, ruka!" ukome. Wageni wakiingia majini, waingie taratibu, wachache, mashine ikiwa imezimwa kabisa ili propela isimkate mtu, na pomboo ndio waamue kama wanataka kusogea. Wakiondoka, wameondoka. Wanaonyonyesha wasiingiliwe hata kidogo.

Mengine ya msimu

Msimu hauna nyangumi peke yao, na siku ambayo bahari imekataa mgeni ana mengi ya kuona. Julai kuna Mwaka Kogwa, Makunduchi, ambako wanaume hupigana kwa migomba kumaliza ugomvi wa mwaka mzima. Hayo yafanyike uwanjani, si baina ya manahodha wanaogombea abiria. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Mgeni avae mavazi ya heshima na aombe ruhusa. Anayetaka papa potwe aelekezwe Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi. Papa potwe ni samaki, si nyangumi, na kumuuzia mgeni safari ya "nyangumi" hapa mwezi Februari ni udanganyifu. Yapo malalamiko ya namna hiyo pia.

Leseni na karatasi

Boti ya kubeba wageni lazima iwe imekaguliwa, iwe na leseni hai, idadi ya abiria iliyoidhinishwa iwe imeandikwa mahali panapoonekana, na nahodha awe na cheti. Mitumbwi na ngalawa zina utaratibu wao. Ada, fomu na aina za leseni zinaelezwa madirishani mwa ofisi yetu. Njoo na vyeti vyako halisi. Kusema "nimeomba lakini haijatoka" si leseni.

Ukiona kosa

Mgeni: kabla ya kulipa, uliza kama nahodha anaijua kanuni ya mita 100, na utake kuona majaketi kwa macho yako. Ukiwa baharini una haki ya kumwambia nahodha apunguze mwendo au akurudishe. Usimpe bahashishi kwa kukusogeza karibu. Bahashishi hiyo ndiyo inayoendesha mbio hizi zote.

Mwanakijiji, mvuvi, mfanyakazi wa hoteli: ukiona boti inamkimbiza nyangumi au inawabana pomboo, usiende kugombana nayo majini. Andika namba iliyo ubavuni mwa boti, saa na mahali, piga picha kama unaweza, upeleke taarifa siku hiyohiyo kwa sheha au kwa kamati ya wavuvi ya shehia yako. Jina lako halitatajwa. Nyangumi aliyekwama pwani, au aliyenasa kwenye jarife, usimvute kwa kamba mkiani na usizikate nyavu peke yako: toa taarifa, watu wasogezwe mbali, na mbwa wafungwe mpaka maofisa wafike.