Mkato Uliomtia Mama Denini

Likizo iliyopita nilimwandikia mama hivi: “Nitakuja na wenzangu: Juma, nahodha wa mpira, Salimu, kiranja wa bweni, na Hamisi.” Mama akahesabu wageni watano, akaenda kukopa mchele kwa jirani. Tulipofika, wageni walikuwa watatu tu! Deni likawa lake, aibu ikawa yangu.

Wasomaji wapenzi, kosa lilikuwa wapi? Nukta mbili zilikuwa mahali pake, maana hutangulia orodha. Mkato hutenga vitu vya orodha. Lakini kitu chenye mkato ndani yake hutengwa na mwenziwe kwa nukta-mkato. Ningaliandika, “Juma, nahodha wa mpira; Salimu, kiranja wa bweni; na Hamisi,” mama hangalikopa.